Akira Yoshizawa: Mtoto wa mfugaji aliyeacha kazi ya kiwanda akakunje karatasi

Msikilizaji, karibu kila aliyepita shule ya msingi amewahi kuchana karatasi ya daftari akatengeneza ndege ya kurusha darasani au mashua ya kuelea kwenye maji ya mvua. Mwalimu akikukamata, ni adhabu. Leo tunamzungumzia mtu aliyefanya mchezo huo kuwa kazi ya maisha yake yote, akalala njaa kwa ajili yake, na mwishowe akapewa nishani na mfalme wa nchi yake.

Anaitwa Akira Yoshizawa. Alizaliwa Machi 14, 1911, Kaminokawa, katika mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, nchini Japani. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alipofika miaka 13 aliondoka kijijini kwenda Tokyo kufanya kazi kiwandani, safari ambayo vijana wengi wanaotusikiliza wanaijua vizuri.

Kule Japani kukunja karatasi kunaitwa origami, neno lililoungwa na maneno mawili, kukunja na karatasi. Ni jambo la zamani. Mwaka 1797 kulichapishwa Kyoto kitabu cha kufundisha namna ya kukunja ndege aina ya korongo, wengi wakiwa wameunganishwa kwenye karatasi moja. Lakini wakati wa utoto wa Yoshizawa origami ilikuwa mchezo wa watoto. Maumbo yalikuwa yaleyale: korongo, chura, mashua, kofia. Mama alimfundisha mtoto, mtoto akamfundisha mdogo wake, na wachache walifikiria kwamba mtu mzima angeweza kubuni umbo jipya kabisa.

Yoshizawa alipofika miaka ya ishirini na ushei alipandishwa cheo pale kiwandani, akawa mchoraji wa michoro ya kiufundi. Akapewa pia kazi ya kuwafundisha jometri wafanyakazi wadogo. Akaona njia rahisi ni kuwapa karatasi wakunje: pembe, nusu, robo, mistari inayokutana katikati, yote yanaonekana mkononi bila kukariri. Wakubwa wake hawakumzuia. Kwa maoni yangu hapo ndipo ile karatasi ilipomshika kabisa.

Mwaka 1937 akaacha kazi. Hebu fikiria: kijana mwenye mshahara na cheo anaaga kiwandani ili akakunje karatasi. Karibu miaka ishirini iliyofuata aliishi katika umaskini. Alipita nyumba kwa nyumba akiuza tsukudani, kitoweo cha samaki wadogo na mwani kilichopikwa kwenye mchuzi wa soya mpaka kikakolea. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingizwa jeshini katika kikosi cha tiba huko Hong Kong, na huko aliwakunjia wagonjwa wanyama na maua ya karatasi kuwachangamsha. Baadaye aliugua mwenyewe akarudishwa Japani, na vita vilipokwisha akaendelea kuuza kitoweo.

Mlango ulifunguka kupitia jarida la picha lililoitwa Asahi Graph. Lilihitaji wanyama 12 wa kalenda yao ya miaka, kuanzia panya na ng'ombe mpaka mbwa na nguruwe, wote wa karatasi. Wakamtafuta Yoshizawa. Picha zilipotoka katika toleo la Januari 1952, nchi nzima ikamjua. Mwaka 1954 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mtindo huo mpya, na mwaka huohuo akaanzisha kituo cha kimataifa cha origami jijini Tokyo.

Kitabu kile kilikuwa na jambo ambalo naliona kubwa kuliko wanyama wenyewe. Kabla yake, kueleza namna ya kukunja kulihitaji maneno mengi, na asiyejua Kijapani aliachwa njiani. Yoshizawa, kwa ule uzoefu wa kuchora kiwandani, akaweka alama. Vistari vifupi vifupi vina maana karatasi ikunjwe kuelekea kwako, ibaki kama bonde. Vistari vilivyochanganywa na nukta vina maana ikunjwe kwenda nyuma, ibaki kama paa la nyumba. Mishale inaonyesha karatasi inapoelekea. Basi. Miaka ya 1960 Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin wa Uingereza wakazichukua alama hizo na kuziongezea kidogo, na mpaka leo ndizo zinazotumika duniani. Ukifungua mchoro wa origami kwenye simu yako, hata kama maelezo ni ya Kijapani au Kireno, utaufuata.

La pili alilovumbua ni kukunja karatasi ikiwa na unyevu. Karatasi ya kawaida hutoa pembe kali na mistari iliyonyooka, lakini tembo au sokwe hana mistari iliyonyooka. Yoshizawa alichukua karatasi nene, akailowesha kidogo tu. Ile gundi iliyomo ndani ya karatasi hulainika, nawe unaweza kuipinda taratibu kama mfinyanzi anavyopinda udongo. Ikikauka, inabaki hivyohivyo. Wanyama wake wakapata migongo ya mviringo na mashavu. Alikunja hata sura yake mwenyewe.

Mwaka 1955 kazi zake zilionyeshwa katika makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam, kwa msaada wa Gershon Legman, Mmarekani aliyekuwa akiandikiana naye barua. Mwaka uliofuata alimwoa Kiyo, ambaye alifundisha pamoja naye na kumshughulikia mambo yake. Baadaye serikali ya Japani ilimtuma nchi za nje kama balozi wa utamaduni.

Inakadiriwa alibuni maumbo zaidi ya 50,000. Yaliyochorwa na kuchapishwa ni mia chache tu. Na hakuwa akiziuza kazi zake. Alizitoa zawadi au kuziazima kwa maonyesho. Mtu aliyetembeza kitoweo mlango kwa mlango miaka yote ile, angeweza kuuza. Hapo kila msikilizaji ana haki ya kumlaumu au kumsifu. Mimi hubadilika kila ninapolifikiria.

Mwaka 1983 mfalme Hirohito alimtunuku Nishani ya Jua Linalochomoza. Aliendelea kukunja mpaka uzeeni, na akafariki Machi 14, 2005, siku aliyotimiza miaka 94.

Tarehe hiyohiyo mwaka 2012, watu katika nchi nyingi waliofungua Google waliona jina la kampuni hiyo limekunjwa kwa karatasi, na vipepeo wa karatasi wametua juu ya herufi. Ilikuwa kumbukumbu yake.