Sayyidna Umar (R.A.), Qadar na Dua

Wanafunzi huniuliza kila mwaka: ikiwa yote yameshaandikwa, dua ya nini? Tumtazame Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), Khalifa wa pili.

Akiwa njiani kwenda Shamu alifika Sargh, akapata habari ya tauni. Akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Akajibu kuwa naam, anaikimbia Qadar ya Allah kwenda kwenye Qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote atakapolisha, ni kwa Qadar.

Dua ni vivyo hivyo, nayo ni sababu iliyoandikwa pamoja na jambo lake. Katika ukame wa mwaka 18 Hijria, Umar alitoka na watu kuomba mvua, akamtaka Al-Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), awaombee. Ikanyesha.

Tena aliomba afe shahidi, na afie Madina. Ajabu, kwani vita vilikuwa mbali, Uajemi na Misri! Mwaka 23 Hijria alichomwa jambia akiswalisha Alfajiri, ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.).