Joy Adamson na Kamera Yake Kando ya Mto Ura

Mwaka huu nimeonelea niwaandikie juu ya marehemu Joy Adamson. Najua wengine mtasema, aa, si ni yule mama wa simba? Naam, ndiye. Lakini simba wake wanajulikana tayari, na mimi sitaki kurudia yaliyokwisha kusemwa na kila mtalii. Nataka kumweleza kama mpenzi wa kamera. Hapa shuleni sisi tunaopenda kupiga picha hukutana kila Ijumaa baada ya masomo. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo kila mtu huja na picha zilizochapishwa, tunazitandaza juu ya dawati, tunasifiana na tunakosoana. Mwenzetu mmoja ana binamu Embu anayemletea picha za viboko wa hifadhi ya Mwea, na huyo hupata sifa zaidi ya sisi wote! Basi katika mabishano yetu jina la Joy Adamson halikosi kutajwa, maana picha zinazojulikana zaidi kuwahi kupigwa katika sehemu zetu hizi alizipiga yeye na mumewe, na wala hakuna kati yao aliyekuwa mpigapicha kwa kazi.

Joy hakuzaliwa Joy. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa chini ya himaya ya Austria, na leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alijifunza piano, akajaribu uchongaji, akajaribu ushonaji, hata kujalidi vitabu. Mtu wa kushika hiki na kuacha kile. Mwaka wa 1937 alikuja Kenya, na hapo ndoa yake ya kwanza ikavunjika. Akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ni huyo aliyempa jina la Joy. Bally alikuwa akikusanya mimea, naye Joy akaanza kuichora kwa rangi. Kumbe mkono wake ulikuwa mwepesi! Michoro hiyo ya maua ilimpatia medali ya dhahabu huko Uingereza mwaka wa 1947. Wakati huo alikuwa tayari ameachana na Bally na kuolewa, mwaka wa 1944, na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo, hapa jirani tu na Meru.

Mwisho wa miaka ya 1940 alianza kazi nyingine, ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya kienyeji. Alizunguka na rangi zake akachora mamia ya picha, na nyingi zimehifadhiwa na Makavazi ya Taifa. Ninaitaja kazi hii kwa sababu nafikiri ndipo jicho lake liliponolewa. Mtu aliyekaa saa nyingi akitazama uso mmoja ili auchore hawezi baadaye kuchukua kamera na kuifyatua ovyo ovyo.

Sasa tuje kwa simba. Tarehe 1 Februari 1956 George alikuwa msituni akimsaka simba aliyeua mtu. Simba jike akamrukia, naye akampiga risasi. Baadaye wakagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wadogo, macho hayajafunguka vizuri. George akawabeba hadi nyumbani. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo, dhaifu kuliko wenzake, akabaki. Ndiye Elsa.

Hapo ndipo kamera ilipopata kazi. Joy na George walimpiga picha Elsa akiwa mdogo wa kushikwa mkononi, akiwa amelala juu ya kitanda cha kambi, akiwa amejinyoosha juu ya paa la Land Rover kama paka juu ya dirisha. Tafadhali kumbukeni kamera za siku hizo zilivyokuwa. Leo ukikosea unafuta, unapiga tena, hata mara mia. Wakati ule mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, au 12 tu kwa kamera nyingine, na hukujua umepata nini mpaka mkanda usafishwe mjini, mbali na kambi. Joto na vumbi vya huko chini ni adui wa mkanda. Tena rangi ya simba na rangi ya nyasi kavu ni kama ndugu, na katika picha ya nyeusi na nyeupe mnyama anaweza kuzama kabisa, ukabaki na picha ya nyasi. Sisi katika kikundi chetu tumejaribu na mbwa wa rangi ya udongo, tukaona jinsi anavyopotea jua likiwa utosini. Dawa yake ni asubuhi na jioni, wakati mwanga unatoka ubavuni na kivuli kinamchora mnyama ukingoni.

Lakini siri ya picha za Elsa sidhani ni mwanga. Ni umbali. Wazungu wengi waliokuja Afrika kabla ya hapo walipiga picha ya simba kutoka mbali, au walipiga picha ya simba aliyekwisha kufa, mwindaji ameweka mguu juu yake. Joy alikuwa pale pale chini, usawa wa macho ya mnyama, na mnyama alikuwa hana habari naye. Picha kama hiyo hainunuliwi kwa kamera ya bei ghali. Inanunuliwa kwa miaka ya kuishi pamoja. Nuru, kijana aliyepewa kazi ya kuwachunga watoto wa simba, alikuwa akishinda nao kutwa nzima, na bila yeye na wenzake nadhani nyingi za picha hizo zisingepatikana.

Elsa alipokua, ilibidi aachiliwe au apelekwe kufungiwa kama ndugu zake. Jaribio la kwanza lilifanywa upande wa Mara, likashindwa, Elsa akaugua. Ndipo mwaka wa 1958 wakamleta Meru, kando ya mto Ura, upande wa Tharaka. Huko alijifunza kuwinda, akapata dume, na mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Baada ya wiki kama sita aliwavusha mto mwenyewe akawaleta kambini.

Mwaka huo wa 1959 Joy alikuwa amekwenda London na maandishi yake pamoja na rundo la picha. Wachapishaji kadhaa walimkataa. Kiingereza chake hakikuwa kizuri sana, na sehemu ya habari ilitegemea maandishi ya George. Hatimaye shirika la Harvill likakubali, na kitabu Born Free kikatoka mwaka wa 1960. Lo! Kilinunuliwa kama mandazi ya moto, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na mwaka wa 1966 ikatoka sinema yake. Mimi nimekisoma kile kitabu, na maoni yangu ni kwamba ungeondoa picha kingebaki hadithi ya kawaida. Mtu wa Ulaya asiyejua hata Kenya iko wapi aliona uso wa Elsa, akalia Elsa alipokufa.

Na alikufa mapema. Ilikuwa Januari 1961, akiwa na umri wa karibu miaka mitano, kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Akazikwa pale pale kando ya Ura.

Haya yanayofuata huwa hayapigiwi kelele. Wale watoto watatu, bila mama, walianza kuingia katika maboma ya Watharaka na kula mbuzi. Wenye mbuzi wakachukua pinde. Jespah alipigwa mshale, ukabaki mwilini. Ikabidi akina Adamson wawakamate wote watatu na kuwapeleka Serengeti, Tanganyika, mwaka huo huo wa 1961.

Mama yangu mzazi anatoka upande wa Tharaka, na likizo iliyopita nilimwonyesha nyanya picha ya Jespah katika kitabu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ni nani aliyelipa wale mbuzi. Mimi nikakosa la kusema. Tulipolijadili jambo hili Ijumaa iliyofuata, wenzangu waligawanyika. Wengine walisema mpigapicha hana lawama, anapiga alichokiona. Wengine, nami nikiwemo, tukasema kila picha ina ukingo, na nje ya ukingo wa picha za Joy alikuwa amesimama mtu na mbuzi wake, na mtu huyo hakupata kitabu wala sinema. Ubishi ulikuwa mkali mpaka mlinzi akaja kutufukuza ili afunge darasa.

Hata hivyo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fedha za vitabu vile Joy hakuzila peke yake. Aliunda mfuko wa kusaidia wanyama, na sehemu ya fedha hizo ilisaidia hifadhi ya Meru, iliyokuwa chini ya baraza la wilaya kabla ya kufanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1966. Ina ukubwa wa kilomita mraba 870. Joy mwenyewe alirudi humo na duma aliyeitwa Pippa, akamfundisha kuishi mwituni, akampiga picha na kuandika vitabu juu yake pia. Pippa alikufa mwaka wa 1969. Miaka ya 1980 majangili waliivamia mbuga, na mwaka wa 1988 wakawaua vifaru weupe waliokuwa wakilindwa na askari. Leo mbuga imefufuka na ina hifadhi maalumu ya vifaru, yenye ua.

Joy hakuwa mtu rahisi, na si vizuri kuficha jambo hilo ati kwa sababu ni marehemu. Yeye na George waliishi mbalimbali miaka mingi, na inajulikana kwamba aligombana mara kwa mara na wafanyakazi wake. Mwisho wake ulitoka huko huko. Tarehe 3 Januari 1980, akiwa katika hifadhi ya Shaba karibu na Isiolo, ambako alikuwa akimlea chui, alikutwa amekufa njiani. Habari za kwanza zilizozunguka dunia zilisema ameuawa na simba. Watu waliamini upesi, manake walikuwa wamemwona na simba katika picha zote zile. Uchunguzi ukaonyesha ni jeraha la silaha, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa mwaka wa 1981. George naye aliuawa na majangili huko Kora, ng'ambo ya Tana, tarehe 20 Agosti 1989.

Majivu ya Joy yalitawanywa ndani ya mbuga ya Meru, mengine juu ya kaburi la Elsa na mengine juu ya la Pippa. Mwenzetu mmoja aliyepelekwa huko na wazazi wake alituletea picha ya kaburi la Elsa. Ni mawe tu, miti, na mto nyuma. Aliipiga saa sita mchana, kwa hivyo mawe yametoka meupe kupindukia, na tulimwambia hivyo. Amesema atarudi asubuhi mapema, na mara hii atapitia Gatunga ili awapige picha na wale wenye mbuzi, wakikubali.