John Barrymore: Gwiji aliyeponyokwa na maneno

JOHN Barrymore alifariki mjini Los Angeles mnamo Mei 29, 1942 akiwa na umri wa miaka 60. Kwa wapenzi wa tamthilia, hata hivyo, gwiji huyo alikuwa ametoweka miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1882 katika ukoo wa waigizaji. Nyanyake, Louisa Drew, aliendesha ukumbi wa michezo mjini humo, nao nduguye Lionel na dadake Ethel walivuma jukwaani na katika filamu. John alitamani kuwa mchoraji, akachorea gazeti moja la New York kwa muda, kabla ya kuifuata kazi ya wazazi wake.

Kuanzia 1922 aliigiza Hamlet jijini New York mara 101, akaipiku rekodi ya Edwin Booth ya maonyesho 100. Mnamo 1925 aliupeleka mchezo huo London, na Waingereza, wenye Shakespeare wao, wakamvulia kofia. Kisha akalipa jukwaa kisogo na kuhamia Hollywood, alikoshiriki katika Don Juan (1926) na Grand Hotel (1932), iliyotwaa Oscar ya filamu bora.

Wahenga walinena kuwa ngoma ivumayo sana hupasuka. Pombe, aliyoizoea tangu ujana, ilianza kumtafuna. Kufikia 1933 maneno yalikuwa yakimponyoka mbele ya kamera. Hofu ilimwingia, kwani babake, Maurice, alirukwa na akili na kufia hospitalini mwaka wa 1905. Mtu aliyewahi kuibeba Hamlet kichwani sasa alisoma maneno yake kwenye mbao zilizoinuliwa kando ya kamera.

Ndoa zake nne zilivunjika na madeni yakamlemea. Ili ayalipe, alikubali kazi za kujidhihaki, ukiwemo mchezo wa My Dear Children (1939) na vipindi vya redio vya Rudy Vallee. Hadhira ilicheka ulevi wake naye akaiuzia anguko lake. Alizirai akijiandaa kwa kipindi hicho cha redio, akafa siku chache baadaye.

Miezi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoichukua William Luce katika tamthilia yake, Barrymore. Amebuni kisa ambapo mzee huyo anakodi ukumbi ili ajaribu tena kuigiza Richard wa Tatu, huku msaidizi akimkumbusha maneno kutoka nyuma ya pazia. Christopher Plummer alishinda tuzo ya Tony kwa uigizaji huo mwaka wa 1997. Mchezo ulinaswa kwa kamera jijini Toronto na kutolewa kama filamu mnamo 2011.

Plummer, aliyefariki mwaka wa 2021, alikuwa amepita miaka 80 filamu hiyo ilipotoka. Peke yake jukwaani, mkongwe huyo alikumbuka kila neno ili amwigize mwenzake ambaye maneno yalimtoroka akiwa na miaka 50 na ushei.