Mabel Fairbanks: Alifungiwa Mlango wa Barafu, Akawafungulia Watoi

Mwaka ni 1968, Los Angeles. Kocha mmoja ana watoi wawili kwenye barafu: Tai Babilonia, miaka 8, na Randy Gardner, miaka 10. Anataka wateleze wawili wawili, lakini aibu imewajaa, hakuna anayetaka kushika mkono wa mwenzake. Kocha hakuwapigia kelele. Aliwahonga zawadi za kitoto mpaka mikono ikashikana. (Hii hongo sisi tunaiunga mkono.) Mwaka wa 1979, wakiwa sasa chini ya kocha mwingine, John Nicks, hao wawili wakawa mabingwa wa dunia.

Huyo kocha wao wa mwanzo ni Mabel Fairbanks. Yeye mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kushindania taji la taifa, wacha hata Olimpiki.

Alizaliwa Florida, 1915. Akiwa na miaka 8 alibaki yatima, akaishia New York. Huko Central Park akaona watu wakiteleza kwenye barafu, akadata kabisa. Ndula zake za kwanza zilikuwa za duka la rehani, dola 1.50, na zilimzidi saizi mbili. Akajaza pamba ndani, kazi ikaanza.

Ngori ilikuwa rangi yake. Akienda kwa ukumbi wa barafu anarudishwa mlangoni. Kesho yuko hapo tena. Kesho kutwa pia. Mwishowe meneja akamwacha aingie. Ndani alipata bahati: Maribel Vinson Owen, bingwa wa Marekani mara 9, alimfunza bure. Na kwa keja, mjomba wake alimtengenezea kiwanja cha futi 6 kwa 6 chumbani, mabati na barafu kavu. Msee akitaka kitu anakitaka!

Lakini klabu zilikataa kumsajili, na bila klabu hakuna mashindano. Basi akageukia shoo, akahamia Los Angeles miaka ya 1940, na huko akawa kocha.

Watoto wa mastaa wa Hollywood aliwafunza, lakini wale wa familia zisizo na doo aliwafunza bure. Hiyo si kitu ndogo, maana huu mchezo unakula pesa: ndula, masaa ya barafu, kocha, nguo.

Halafu kuna Atoy Wilson, kijana mweusi mwenye kipaji. Unaweza kumwambia mtoi ajitume kila siku, lakini kama anajua mlango wa mashindano umefungwa, ataamka asubuhi kufanya nini? Mabel alilielewa hilo kuliko mtu yeyote, kwa hivyo hakuishia kwa mazoezi, aliibana klabu ya Los Angeles mpaka 1965 ikamchukua Atoy. Mwaka uliofuata akashinda taji la taifa la wanaume chipukizi, Mweusi wa kwanza kushinda taji lolote la taifa la mchezo huo Marekani.

Mabel mwenyewe alingoja sana. 1997, akiwa na miaka 81, ndio akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo Marekani, Mweusi wa kwanza hapo pia. Akafariki Septemba 2001. Tangu 2021 kuna hazina yenye jina lake, na pesa zake zinawalipia mazoezi vijana weusi na wa jamii zingine zilizoachwa nje.