Tewodros wa Pili na Mzinga wa Gafat

Miongoni mwa watawala wa Afrika wa karne ya 19, ni wachache walioitamani karakana kuliko kasri kama alivyoitamani Tewodros wa Pili wa Uhabeshi. Alizaliwa yapata mwaka 1818 katika jimbo la Kwara, magharibi mwa nchi hiyo, akapewa jina la Kassa Hailu. Babake alifariki mapema. Mahasimu wake walipenda kumkejeli kuwa mamake alikuwa mchuuzi wa koso, dawa ya minyoo ya tumbo. Na kejeli hiyo ilimfuata hata alipokwisha kuvaa taji. Alisomeshwa katika nyumba ya watawa, nayo ikavamiwa, naye akanusurika. Baadaye aliingia msituni akawa shifta, neno ambalo Mkenya hahitaji kufafanuliwa.

Uhabeshi wa wakati huo ulikuwa na wafalme wa jina tu kule Gondar, huku nguvu za kweli zikiwa mikononi mwa wakuu wa majimbo waliopigana bila kukoma. Kassa alikwea ngazi ya vita hivyo hatua kwa hatua. Ras Ali, mkuu aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake, alipoona hawezi kumshinda, alimwoza bintiye Tewabech. Ndoa hiyo haikuleta amani ya kudumu. Kati ya mwaka 1852 na 1855 Kassa aliwashinda wakuu wa kaskazini mmoja baada ya mwingine, akiwemo Ras Ali mwenyewe, kisha mwezi Februari 1855 akatawazwa kwa jina la Tewodros, mfalme ambaye utabiri wa kale ulisema angekuja kurejesha haki.

Hata hivyo, tukio lililomjenga zaidi halikuwa ushindi. Mwaka 1848 aliwashambulia Wamisri waliokuwa wakiitawala Sudan, mahali paitwapo Debarki. Jeshi lake lilikuwa shupavu. La Wamisri lilikuwa na mizinga na nidhamu. Ushujaa wa watu wake uliyeyuka mbele ya moto huo kama samli juani. Tangu siku hiyo alijua kwamba mkuki na farasi havitoshi kuilinda nchi.

Swali likawa: silaha zipatikane wapi? Njia ya pwani ilikuwa mikononi mwa Waturuki na Wamisri, kwa hiyo kununua kulikuwa kugumu. Tewodros aliamua kuunda. Wamishonari mafundi kutoka Chrischona, karibu na mji wa Basel nchini Uswisi, walikuwa wamefika Uhabeshi kuhubiri Injili huku wakifanya kazi za mikono. Miongoni mwao alikuwamo Theophil Waldmeier. Mfalme aliwaweka Gafat, karibu na Debre Tabor, pamoja na wageni wengine kama Moritz Hall, Myahudi wa Poland, akawaamuru wamsubie mizinga. Walijitetea kuwa kazi hiyo hawaijui. Utetezi wao haukusikizwa. Tanuri za kwanza zilishindwa na mfalme hakukata tamaa, wakajaribu tena na tena hadi shaba iliyoyeyuka ikakaa sawasawa katika kalibu. Mafundi wa Kihabeshi walifanya kazi bega kwa bega na wageni hao, ingawa majina yao hayakuhifadhiwa kama ya Wazungu. Hapa pana dhuluma ya kumbukumbu, maana mzinga hausubiwi na mtu mmoja.

Kazi kubwa kuliko zote za Gafat ni mzinga ulioitwa Sevastopol, kwa jina la ngome ya Warusi iliyozingirwa katika Vita vya Crimea. Uzito wake ulikadiriwa kuwa karibu tani 7.

Mwanafunzi wa fasihi atavutiwa na jambo jingine pia. Tewodros aliandika barua zake kwa Kiamhari, na kumbukumbu za utawala wake ni miongoni mwa tarihi za kwanza kuandikwa kwa lugha hiyo badala ya Kige'ez cha makasisi. Aliyetaka silaha zisubiwe nyumbani alitaka pia nchi ijieleze kwa lugha isemwayo na watu wake. Mambo haya mawili hutajwa mbalimbali katika vitabu. Yafaa yasomwe pamoja.

Mwaka 1862 alimwandikia Malkia Victoria akitaka urafiki. Barua ilifika London, ikasahauliwa. Mfalme aliyesubiri jibu kwa zaidi ya mwaka alimtia kifungoni balozi mdogo Cameron pamoja na Wazungu wengine. Mwaka 1866 alimtuma mmishonari Flad kwenda Uingereza kuomba mafundi na mitambo. Mafundi hao walifika Massawa, lakini Waingereza wakawazuia pale hadi mateka waachiliwe, naye hakuwaachilia.

Wakati huo alikuwa amekwisha kugombana na kanisa kwa ajili ya ardhi yake, ambayo aliihitaji kulisha askari. Maasi yalizuka kila pembe. Alizidi kuwa mkatili: aliiteketeza Gondar mwaka 1866, na mwezi Aprili 1868 aliamuru mamia ya wafungwa wauawe na kutupwa gengeni. Mwenye kumsifu asiufiche ukatili huu, kwani ndio uliomfanya abaki peke yake siku alipowahitaji watu.

Mwezi Oktoba 1867 aliondoka Debre Tabor kuelekea ngome yake ya Magdala. Sevastopol iliburutwa kwa kamba na mamia ya watu, huku njia ikichongwa milimani, na mara nyingi mfalme mwenyewe akishika kazi. Safari ilichukua takriban miezi 6. Kutoka pwani ya Zula, Jenerali Robert Napier alikuwa akipanda na askari wapatao 13,000, tembo 44 kutoka Bara Hindi wa kubeba mizinga, na bunduki za Snider zilizosheheniwa kwa nyuma. Kassai wa Tigray, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Yohannes wa Nne, aliwapa njia na chakula.

Tarehe 10 Aprili 1868, pale Aroge, Wahabeshi wapatao 700 waliuawa. Waingereza waliojeruhiwa walikuwa kama 20, na wawili kati yao wakafariki. Mizinga ya Gafat haikubadili lolote. Tewodros aliwaachilia mateka lakini akakataa kujisalimisha. Tarehe 13 ngome iliposhambuliwa, alijipiga risasi kwa bastola aliyozawadiwa na Victoria.

Waingereza walipora taji, vitambaa vya kanisa na mamia ya miswada, ambayo mingi imehifadhiwa London. Mwanawe Alemayehu alipelekwa Uingereza akafia huko mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 18. Menelik, aliyewahi kufungwa Magdala na kutoroka mwaka 1865, aliwashinda Waitalia Adwa mwaka 1896 kwa bunduki na mizinga iliyopatikana zaidi kutoka nje. Nywele za Tewodros zilizokatwa na kuchukuliwa zilirejeshwa Ethiopia mwaka 2019. Sevastopol haikuchukuliwa, ilikuwa nzito mno, na bado iko juu ya Magdala.