Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa wetu pia

Kila tarehe 16 Februari watoto wetu hapa Kibuli hawaendi shule. Wanafurahia mapumziko, lakini ukiwauliza ni siku ya nani, wengine wananyamaza.

Ni siku ya Janani Luwum. Alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alichunga mifugo, akasoma, akawa mwalimu. Januari 1948 aliokoka wakati wa uamsho. Mwaka 1956 akawa kasisi, mwaka 1969 Askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga ni ile ya Ituri, ndugu zangu! Sisi tuliotoka upande huo tulikuwa kondoo wake.

Wakati huo Idi Amin alikuwa anatawala na watu walikuwa wanapotea. Askofu Mkuu alikuwa akienda ofisi za serikali kuwaulizia, kazi ambayo wengi waliiogopa. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakitafuta silaha. Hawakuzipata. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika, nao wakatia sahihi majina yao.

Tarehe 16 waliitwa mjini mbele ya askari wengi, na silaha zikaonyeshwa kana kwamba ni zake. Wenzake wakaruhusiwa kwenda, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Mwili ukapelekwa Mucwini. Huko ardhi ilikuwa ngumu, kaburi likachelewa, na watu wakapata nafasi ya kufungua sanduku. Wakaona matundu ya risasi.

Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa karibu na la Askofu Hannington. Jumapili watu wakajaa kanisani bila maiti, kisha wakasimama kando ya shimo tupu wakiimba.

Mama Mary, mjane wake, alikimbilia Kenya na watoto. Askofu Festo Kivengere na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu mpaka Rwanda. Kivengere alirudi Kigezi mwaka 1979, Amin alipokwisha kuangushwa.