Beryl Markham, aliyepeleka pumzi mgodini

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, lakini baba yake alimuleta Kenya angali mutoto. Alikomea Njoro, anasema Kiswahili, akawa mufundishaji wa farasi za mashindano. Katika kitabu chake cha 1942 anasimulia namna usiku mumoja, Nairobi, alisikia ndege inatafuta uwanja gizani, akangoja mpaka ishuke. Rubani alikuwa Tom Campbell Black. Ni yeye alikuja kumufundisha kuruka.

Tarehe 16 Juni 1935, Beryl alitoka Nairobi usiku na chupa ya oksijeni. Masaa 3 na dakika 40 mpaka Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu kule Tanganyika. Muchimbaji mumoja alikuwa anakufa na mapafu.

Mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake, toka Uingereza mpaka Kanada. Alikufa Nairobi, 1986.

Wengine wanakumbuka Atlantiki. Sisi wachimbaji tunashika ile ya Nungwe, kwani vumbi la shimo lingali linakula mapafu. Basi wazazi wa Mususa, mutoto akisimama kutazama ndege inaenda Rughenda, tusimufukuze. Tumutafutie masomo ya hesabu: siku moja tutamungojea.